Zizi Lililopewa Jina la Hilario

Tajiri hatupi kitu. Hata taabu ya mwenzake huipaka chokaa akaipangisha. Gonzalo aligeuza zizi la nyumbu la babu yake kuwa nyumba ya wageni, akapigilia kibao mlangoni: Chumba cha Hilario. Eutimia, binti wa Hilario aliyekuwa mtunza nyumbu wa babu huyo, alikuwa akitandika kitanda humo wageni kutoka Madrid walipoingia.

"Hilario alilipenda zizi hili," Gonzalo aliwaambia. "Hakutaka kulala kwingine."

"Babu yako alimnyima kitanda," alisema Eutimia. "Alilala kwenye majani, miguuni pa nyumbu, mpaka kifua kikamuua."

"Mama Eutimia, wageni wamekuja kupumzika."

"Wapumzike kwa jina la babu yako, basi."

Akapanda kiti, akaking'oa kibao, akaenda nacho kwao. Kitanda akakiacha kimetandikwa nusu.