Mtalii Mwenye Randa

Viza yangu ya utalii iliniruhusu kuingia mara nyingi, lakini kila nikiingia nisizidishe siku tisini. Binti yangu, aliyebaki peke yake na mtoto mchanga, alitaka nikae naye mwaka mzima. Tukapanga kwamba siku zikikaribia kwisha nivuke mpaka, nilale upande wa pili, kisha nirudi.

Asubuhi ya safari alinikuta nafunga mkoba wangu wa useremala.

"Baba, viache hivyo vifaa. Unakwenda kulala usiku mmoja tu."

"Fundi hatembei mikono mitupu, mama."

Kesho yake, nikirudi, kwenye dirisha la uhamiaji, ofisa aliufungua mkoba, akatoa randa aliyoniachia marehemu baba.

"Mzee, mtalii gani anatembea na randa?"

"Namtengenezea mjukuu wangu kitanda."

"Hiyo ni kazi. Viza hii si ya kazi."

"Kazi gani, mwanangu? Mwenye kitanda hata meno hana, atanilipa nini?"

Watu nyuma yangu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameushika muhuri juu ya pasi yangu na haugongi.

"Chagua," akasema. "Vifaa vibaki hapa, au mrudi pamoja mlikotoka."

Nikausukuma mkoba upande wake. Ndipo akagonga muhuri.

Mle ndani mlikuwa na randa ya baba, patasi tatu, msumeno na nyundo. Mpaka leo kitanda cha mjukuu kina miguu minne na ubao mmoja tu wa ubavuni.