Kisanduku cha Sita

Mwanamume kafungua mdomo wote, na juu ya kichwa chake, ndani ya kiputo cha maneno, penseli imeandika wazi: "Wakubwa washashiba, sisi tunashindana na mawe." Bi Biasha aliisoma karatasi ile mara mbili.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Mwaka ule wa sabini na moja wanafunzi wake wa darasa la tano, pale Mji Mkongwe, walikuwa hodari wa kunakili ubaoni, lakini ukiwataka waandike lao, mabubu. Ndipo alipowagawia karatasi, wakapiga mistari, visanduku sita, akawaambia wachore jambo lililotokea kweli, kisha wawatie watu maneno vinywani. "Andikeni kama wanavyosema nyumbani," alisema. "Na kila kisanduku kinijibu: kwa nini?" Lo, darasa lilichangamka! Hata Mize, ambaye insha yake haikuwahi kuvuka mstari wa pili, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

Mize alichora foleni ya mchele: mawe na vikapu vilivyopangwa tangu alfajiri kuwashikia wenyewe nafasi. Akachora jiwe la baba yake limesukumwa pembeni. Kisha mlango wa duka unafungwa. Kisha baba anarudi na kikapu kitupu, na katika kisanduku cha sita kafungua mdomo. Kila picha ilizaliwa na iliyoitangulia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote, na chini yake, kama alivyofunzwa, aliandika jina kamili: Mize Mjaka Ame. Nani mtaani asiyemjua Mjaka?

Mwalimu mkuu, Bwana Kificho, alichungulia mlangoni. "Bi Biasha, kesho tuna mgeni wa serikali. Hizo picha zibandikwe zote. Ntazihesabu."

Watoto wengine walipotoka, Biasha alimwita Mize.

"Mize."

"Labeka, mwalimu."

"Haya maneno kayasema baba?"

"Kayasema. Si ulitwambia tuandike wanavyosema?"

"Nliwaambia, mwanangu."

Mwaka uliopita jirani yake Biasha alichukuliwa usiku na watu wa usalama kwa maneno madogo kuliko hayo, na mkewe hadi leo hajui akamuulizie wapi. Biasha alishika kifutio. Alifuta neno moja moja, na aliona haya kama mwizi.

"Tuandike jengine," alisema.

Mize alitikisa kichwa. "Hakusema jengine."

Kiputo kikabaki vile vile, cheupe.

Kesho yake mgeni alipita ukutani taratibu, mikono nyuma. Alisimama mbele ya karatasi ya Mize. "Nani kachora hii?"

Mize alisimama.

"Huyu mzee mdomo wazi, maneno hana. Alikuwa anasema nini?"

Mtoto alimtazama mwalimu wake, akamtazama sana, kisha akamgeukia mgeni.

"Hasemi, ndugu. Anapiga mwayo."

"Kwa nini?"

"Kasimama tangu alfajiri. Kachoka."

Mgeni aliangua kicheko. "Huyu ana akili huyu! Mpigieni makofi."

Darasa zima lilipiga makofi, na Bwana Kificho kuliko wote. Biasha naye alipiga, machozi yakimlenga. Mize alikaa kitako na kuinamia dawati, wala siku ile hakumtazama tena mwalimu wake.