Swali la Tisa

"Andika hapana," alisema Aurelia.

Kalamu yangu ilikuwa imesimama kwenye swali la tisa muda mrefu hadi wino ukaanza kuvuja na kutengeneza doa la bluu pembeni ya kisanduku. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya kiti. Sikumwona, ila nilijua amekunja mikono kifuani, kama mama alivyokuwa akifanya asipotaka mjadala.

Swali lenyewe nililitafsiri mimi kutoka Kiingereza na kulipiga chapa nakala sita: Je, umewahi kuzimia, kuanguka kifafa au kupoteza fahamu kwa sababu yoyote ile?

"Aure, hii si fomu ya kuombea kazi. Ni ya kwenda chini ya maji."

"Najua ni ya nini. Andika hapana."

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996, na mradi wetu wa visima ulikuwa unafungwa. Bwana Henriki, Mdenmaki aliyetuongoza kwa miaka mitano, aliamua kutuaga kwa njia ambayo Ifakara nzima ilituchekea: wiki moja kisiwani Mafia, watu sita, kupiga mbizi na mitungi ya hewa mgongoni. Sisi wa bonde hili maji tunayajua kwa kuyakimbia. Yakija mafuriko tunahama, na mtoni tunateka huku jicho moja linamtafuta mamba. Mama mmoja wa sokoni aliniuliza kwa upole kabisa kama mzungu wetu alikuwa na akili timamu, na kama sisi tulikuwa nazo.

Hata hivyo tulikuwa na furaha isiyo kifani. Jumamosi tatu tulipanda Landrova hadi Kidatu kujifunza kwenye bwawa la klabu moja, na tukifika Kiberege tayari sauti zimetukauka kwa kuimba. Mimi nilikuwa karani wa mradi, mtu wa ratiba, na ratiba ile niliipiga chapa kwa mapenzi: siku ya treni, siku ya boti, nani abebe nini. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mzamo wa kwanza. Mstari huo niliupigia mstari mwingine chini yake.

Kila mtu alipewa mwenzi wa kuzama naye. Mwenzi wa Aurelia alikuwa Bryson, fundi wetu wa pampu, mtoto wa Mchaga aliyehamia kwenye mashamba ya miwa zamani na hakurudi kwao tena. Mwezi wa kumi wazee wake walikuwa waje kwetu kuposa.

Bryson hakujua. Upande huu wa mto hakuna aliyejua, ila sista wa kliniki.

Kule Lupiro, ng'ambo ya mto tulikozaliwa, walijua wote. Aurelia alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja, na tulikuwa mtoni na kina mama wanaoosha vyombo. Alianguka kifudifudi kwenye maji yasiyofika hata magotini. Alipoanza kutikisika, mtu akapiga yowe kwamba povu lisimguse yeyote, na kufumba na kufumbua pale mtoni zilibaki sufuria tupu. Wote walikimbia. Na mimi nilikimbia. Nilikimbia hadi njia panda, nikasimama hapo nalia, ndipo mama akanipita mbio, khanga imemdondoka njiani, akaenda kumtoa mwanaye majini peke yake. Toka siku hiyo Aurelia akawa na sahani yake na kikombe chake katika kila nyumba tuliyokaribishwa, mpaka mama akachoka. Tukafungasha, tukavuka kwa pantoni, na siri yetu tukaja nayo Ifakara. Mama alikufa bila kumwambia mtu mwingine.

Baada ya hapo Aurelia alimeza kidonge kila jioni, kutoka kwenye kopo la poda alilolificha chini ya nguo. Ilikuwa imetimia miaka minne hajaanguka.

"Na swali la kumi?" nikamuuliza. "Unatumia dawa yoyote kila siku?"

"Hapana."

"Aure!"

"Situmii. Nimeacha tangu Jumapili." Alikuja mbele ya meza ili nimwone uso. "Sikutaka uandike uongo, kaka. Najua unavyopenda karatasi zako ziwe safi."

Sista wa kliniki alituonya zaidi ya mara moja: dawa ile ukiiacha ghafla, ugonjwa unarudi na hasira. Nilimkumbusha. Nikambembeleza, nikafoka, nikambembeleza tena.

"Maisha yangu yote nimeambiwa toka majini," akasema. "Usivuke bila mtu, usiogelee, usichote. Safari hii nataka niingie mwenyewe, kwa hiari yangu. Halafu nitoke. Basi. Nikirudi nitameza hata kopo zima."

Kisha akaongeza, taratibu, "Wewe ndiwe wa kunilinda? Wewe uliyekimbia?"

Nikaandika hapana. Mara mbili.

Kesho yake, Ijumaa mchana, tulikutana barazani kwa mradi kupitia mpango kwa mara ya mwisho. Wali ulikuwa tayari kwenye sinia kubwa, na samaki wa kitoga wa kukaanga juu yake, tuje tule tukimaliza. Bwana Henriki aligawa fomu, lakini hakumpa mtu fomu yake. Alimpa kila mmoja fomu ya mwenzi wake.

"Soma, halafu weka sahihi," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Chini ya maji hakuna bosi. Kuna mwenzi. Akipata shida, unamshika. Humwachi. Ukimwacha ukapanda haraka kwa hofu, mapafu yako yanaharibika, mnakufa wawili. Kwa hiyo lazima umjue."

Hilo halikuwa kwenye ratiba yangu. Nilimtazama Aurelia, alikuwa anatazama sinia.

Bryson aliichukua fomu ya Aurelia, akaigeuza upande wa pili bila kuisoma, akatia sahihi. "Huyu nisome nini?" akacheka. "Huyu namjua."

Wote walicheka. Mimi nilimwona Bryson kule chini, amemshika mdogo wangu anayetikisika, hajui anachokishika, na hamwachi kwa sababu ameahidi. Nilizihesabu maiti mbili. Kabla sijapiga moyo konde wala kufikiri, nilikuwa nimeshasimama.

"Naomba hiyo fomu, Bryson. Nimekosea kuijaza."

"Kaka," alisema Aurelia. Neno hilo moja tu, kwa sauti ya chini.

Ningeweza kumvuta Bwana Henriki pembeni. Ningeweza kusema ana mafua, ana sikio, ana lolote lile. Nimejiambia hivyo usiku na mchana kwa miaka mingi. Lakini karani ni karani: niliona kosa kwenye karatasi, na sikujua njia nyingine ya kulirekebisha zaidi ya kulikata na kuandika upya. Nikakata hapana ya kwanza, nikaandika ndiyo. Ya pili pia. Nikamrudishia Bryson, maana sahihi ilikuwa yake.

Safari hii alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

"Kumbe," akasema.

Bwana Henriki aliichukua fomu, akaiangalia, akamwambia Aurelia kwa huruma ya kweli kwamba haiwezekani, na kwamba anasikitika sana. Aurelia akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Tukanawa mikono kwa sababu chakula kilikuwa pale na hakuna aliyejua afanye nini kingine. Tukaizunguka sinia. Aurelia akamega upande wake.

"Samahani," Bryson alimwambia mpishi, macho chini. "Naomba sahani."

Akapewa. Wengine wawili nao wakaomba. Tukabaki watatu kwenye sinia: Bwana Henriki, ambaye hakuelewa kilichotokea, mimi, na mdogo wangu, ambaye alimaliza tonge lake, akanawa, akaaga vizuri na kuondoka.

Sikwenda Mafia. Posa haikuja. Bryson aliporudi alinifuata ofisini nikifunga mafaili, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Sikumkaribisha kiti. Alisema, "Kule chini nilijiuliza kama ningemshika. Sikupata jibu." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi kaburini, na sentensi hiyo ikaniharibia. Leo Aurelia ana watoto watatu na cherehani mbili, yuko Lupiro kulekule tulikokimbia, na mumewe anajua kila kitu. Bryson alikuja kwenye mazishi ya baba mkwe wa Aurelia. Walisalimiana.

Lakini kabla Bryson hajarudi kulikuwa na Jumamosi ile ya mzamo wa kwanza.

Siku nane Aurelia alikuwa hajasema nami zaidi ya "chakula kipo." Kila jioni nilimwekea kidonge mezani, kila asubuhi nikakikuta palepale, na cha jana yake kando yake. Jumamosi tulikuwa uani tunaanika mpunga, yeye na reki upande mmoja, mimi na gunia upande mwingine. Saa nne ilipofika nilitazama saa yangu. Sikuweza kujizuia. Mstari ule niliupigia mstari mimi mwenyewe.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi nilipoisikia reki ikianguka.

Alikuwa chini, juu ya mpunga, anatikisika, na punje zinaruka pande zote. Ng'ambo ya uzio, Mama Konsolata aliiacha ndoo yake, akawaita watoto ndani na kufunga mlango. Nitasema ukweli, kwa kuwa ndio ulionifanya nianze kuandika haya: miguu yangu iligeuka. Ilipiga hatua moja kuelekea barabarani. Ikapiga ya pili. Kisha nikarudi.

Nilimlaza ubavu kama sista alivyotufundisha. Nikakishika kichwa chake kwenye mapaja yangu, nikamfuta povu kwa shati langu, na nikahesabu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Nilifika mia na sitini. Halafu mwili ukalegea, pumzi ikarudi, na baada ya muda mrefu akafumbua macho. Punje ya mpunga ilikuwa imemganda shavuni. Nikaitoa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne na robo imepita."

Ratiba aliijua kwa moyo kama mimi. Alitazama mbingu, kisha akalitazama shati langu lililoloa.

"Nani alikuwepo?"

"Mimi."

"Ulikimbia?"

"Hatua mbili."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Mama Konsolata alikuwa anachungulia dirishani. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na mpunga ulikuwa unahitaji kugeuzwa.

"Basi zimepungua," akasema Aurelia.

Nikambeba hadi kivulini, nikarudi kuugeuza mpunga peke yangu. Jioni nilipopita mezani, kidonge hakikuwepo.