Vidole vya Manjano

Enzi zile mgodi wa Geita ukivuma mchana kutwa, Paskalina, mama yake Mageni, ndiye aliyefulia nyumba za Wahindi wa madukani. Nguo aliijua kwa kuigusa tu. Kaki aliitia wanga wa muhogo, hariri aliiepusha na pasi ya moto.

Asubuhi hiyo mbele yake palikuwa na sari nyeupe ya pamba, ukingo wake mwekundu. Ilikuwa ya Kantaben, binti wa Maniben mwenye duka la vitambaa. Kesho yake Kantaben angeolewa, apelekwe Kahama. Jana yake walikuwa wamempaka manjano, ndiyo desturi yao kwa bibi harusi, na vidole vya mtu vikaacha alama begani pa sari.

Paskalina akalowesha pale penye doa tu, ukingo usije ukachuja rangi. Akasugua sabuni.

Manjano yakawa mekundu. Mekundu kama damu.

"Mayo wane! Mama yangu!"

Akakaa chini. Akaiona ile sari, kama mtu aotaye, ikielea peke yake juu ya vumbi la barabara, vidole vyekundu vikimwonyesha yeye mlango hadi mlango. Nani angempa nguo tena? Akaikunja ikiwa mbichi, akaipeleka mwenyewe dukani kwa Maniben.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Mageni. Mbona uso umekukauka hivyo?"

Akaifunua. Maniben akatazama, akacheka mpaka bangili zikalia.

"Umetia sabuni! Manjano yakionja sabuni yanaona haya. Wewe dobi mzima, hujawahi kumwagia mchuzi nguoni?"

"Kwetu tunakula mlenda, mama. Mlenda hauna mambo hayo."

Maniben akakamua ndimu juu ya doa. Wekundu ukarudi nyuma, polepole, ukawa njano tena.

"Sasa suuza, uipe jua. Jua linakula manjano."

Wakaitandaza majanini nyuma ya duka, wakaketi. Mchana ukawa mrefu na laini. Njuga za ng'ombe zilisikika mbali, zikapotea, zikarudi. Kidole kimoja kikafifia, kikafuata cha pili, na nguo ikawa inapanda na kushuka kwa upepo kama kifua cha mtoto aliyelala.

Maniben alikuwa ameacha kucheka. Akaweka mkono wake begani pa sari. Vidole vyake vikaenea sawasawa kwenye zile alama.

"Ni mimi nilimshika. Alikuwa analia."

Kikabaki kidole kimoja, chepesi kama ukungu.

"Hicho kiache," Maniben akasema.

"Mama, watasema dobi gani huyu!"

"Nani atakiona?"

"Anayejua kilipo."

"Basi ni yeye tu."

Paskalina akaitazama kazi yake, kisha akaitoa juani. Jioni alipopiga pasi ya mkaa, alipofika begani aliinyanyua pasi, akapita pembeni.

Kesho yake lori la harusi likaondoka. Watu walisema hawajaona sari nyeupe namna ile. Kantaben juu ya gari alikuwa ameshika bega lake, hakuliachia mpaka vumbi likawafunika.