Nyuzi Nyekundu Kwenye Buti

Pale gereji walimwita Bingwa, jina alilojipa mwenyewe kabla wengine hawajakubali. Alikuwa fundi wa bodi, na fahari yake ilikuwa spoila, yale mabawa yanayofungwa nyuma ya gari. Ile aliyomtengenezea mjomba wake ilikuwa kiboko ya zote: ya faiba, nyeusi tii, yenye miguu mirefu, imesimama juu ya buti mpaka ikakaribia paa.

Mjomba hakutafuta urembo. Kila aliposhuka mteremko mrefu wa barabara kuu, nyuma ya gari ilikuwa nyepesi, ikiyumba kama imelewa. Na Jumamosi alikuwa apite huko huko na dada yake, mama mzazi wa Bingwa, aliyetoka kupasuliwa mgongo. Daktari alisema asitikiswe.

Alhamisi asubuhi mjomba aliingia gereji, hakuzima hata injini.

"Mpwa wangu, nyuma bado inacheza. Na sasa hata usukani umekuwa mwepesi. Nimeogopa."

"Haiwezekani! Bawa kama hilo linakandamiza gari mpaka lami ilie."

Banda la pili alikuwa dada yake Bingwa, mshonaji wa maturubai ya malori. Alitoka na sindano kaichomeka kwenye kola.

"Sikio halipiti kichwa, mdogo wangu. Wewe umeweka mkia unaotaka kupita kichwa."

"Shona maturubai yako, dada. Upepo wa magari unaujulia wapi?"

"Miaka tisa naziba matundu yake. Turubai halichaniki pale upepo unapolipiga. Linachanika nyuma, pale upepo unapoliachia na kuanza kujizungusha. Ngoja nikuoneshe."

Akakata nyuzi nyekundu za sufi, kila kipande urefu wa kidole, akazibandika kwa selotepu safu kwa safu: kwenye paa, kioo cha nyuma, bawa na buti.

"Mjomba, endesha. Sisi tunafuata na pikapu yangu. Uzi hauna ndugu, hautampendelea mtu."

Barabarani, Bingwa alikodoa macho. Juu ya paa nyuzi zililala zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Kioo kilipoanza kuinama, zikachachamaa. Kwenye bawa zilizunguka ovyo, nyingine zikielekea mbele! Bawa lake lilikuwa limesimama katikati ya upepo uliovurugika, kama mtu anayepiga kasia mchangani.

"Halikandamizi kitu," dada akasema taratibu. "Linalivuta gari nyuma kwa juu, ndiyo maana pua inanyanyuka."

Bingwa alihisi uso ukiwaka. Alitaka kubisha. Kisha akamwona mama yake akilini, amekaa ndani ya gari lile. Akatazama tena, na safari hii akatazama kama fundi.

"Dada, ona ukingoni mwa buti. Zile nyuzi za mwisho zimelala tena."

"Enhe. Hapo upepo unatua. Sasa kazi ni yako, mimi ni wa matundu tu."

Waliporudi hakumwachia mtu grainda. Alilikata bawa mwenyewe, mguu baada ya mguu, cheche zikimrukia kifuani. Usiku hakulala vizuri, lakini Ijumaa mchana ukingoni mwa buti palikuwa na mdomo mdogo wa faiba, kimo cha vidole viwili, wa kuuinua upepo kidogo pale unapoondoka. Walishuka mteremko mara tatu. Mjomba alitoka garini akicheka.

"Imetulia!"

"Na mguu nao utulie, mjomba," dada akamwambia. "Spoila si dawa ya mwendo mkali."

Jumamosi saa nane simu ya Bingwa ikaita. Ilikuwa sauti ya mama.

"Mwanangu, huo mteremko mliokuwa mnaugombania tumeupita saa ngapi? Mimi nilipitiwa na usingizi."

Bingwa alikaa juu ya ndoo ya rangi mpaka macho yakakauka. Kisha akaenda banda la pili, akasimama mlangoni akikwaruza msasa mkononi.

"Dada... asante."

"Sijasikia. Bingwa tangu lini ananong'ona?"

Basi akageukia gereji nzima, akajaza kifua, akapaza sauti mpaka nyundo zikanyamaza:

"Jamani! Mama kafika salama, na aliyenifunza kazi ni dada yangu!"

Dada aliinamia turubai lake, akawa anatafuta sindano ambayo ilikuwa kwenye kola yake muda wote.