Kitufe cha Mzee Rula

Pale ofisini wananiita Bi Kwanini, na jina hilo sikulipata kwa bahati mbaya. Mimi ni katibu muhtasi, kazi yangu ni barua, simu na ratiba ya bosi, lakini kitu nisichokielewa kinaniwasha mpaka nikijue. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza. Sasa mtu wa aina hiyo ukimwekea ankara mezani, usitegemee ataichomeka kwenye faili na kunyamaza.

Ankara yenyewe ilikuwa ya programu za kompyuta, zile za kila ofisi: ya kuandikia barua, ya majedwali, ya barua pepe. Zamani ulikuwa ukinunua programu kama unavyonunua stuli, inakuwa yako mpaka ivunjike. Siku hizi hununui, unapanga. Kila mwezi kodi, kwa kila kichwa, na kila mwaka mwenye nyumba anapandisha. Usipolipa anafunga mlango, na barua zako ziko ndani.

Ofisi yetu ni ya makadirio ya ujenzi. Mteja analeta ramani, sisi tunamwambia jengo lake litakula matofali mangapi, nondo ngapi, saruji mifuko mingapi. Mwaka huo wateja walikuwa wa kuhesabika. Bosi aliingia asubuhi na ile ankara mkononi, uso umekunjamana.

"Imepanda tena," akasema. "Kitu kimoja lazima kitoke. Programu siwezi kuzitoa, ndizo zinazofanya kazi. Nimefikiria masijala. Mwisho wa mwezi tunafunga."

Masijala ni chumba cha mafaili, na masijala ni Mama Faili. Miaka kumi na tisa yuko mle ndani, na miwani yake yenye mkono mmoja wa uzi. Ukimwambia "ile zahanati ya kona" anakuletea faili kabla hujamaliza sentensi. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Akitolewa sasa, anaondoka mikono mitupu.

Na mimi nampenda, acha niseme. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku moja tukinywa chai alinieleza habari zake. Mumewe alikuwa mtunza stoo kwenye ujenzi wa zahanati moja uliokadiriwa na ofisi hiihii. Saruji ikapungua, wakasema kaiba, wakamfukuza. Aliishi miaka miwili na ile aibu, akafa. Mwezi uliofuata Mzee Rula, aliyekuwa mkadiriaji mkuu wetu, akaja nyumbani kwake na barua ya kazi. "Nilidhani ni huruma," akaniambia. "Nilikuwa na mtoto wa kulisha, nikaja."

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, yuko mji mwingine, na anatumia jina la babu yake. La baba yake alilikata.

"Kwani wewe mama, unaamini aliiba?" nilimuuliza. Ndiyo, niliuliza. Nimeshasema mimi ni nani.

Alizungusha kikombe. "Aliapa hakuiba. Nikamwambia nimekuamini. Lakini sijui kama nilimwamini, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Sasa mwanamke huyu ndiye atolewe ili tulipie programu? Nikamuuliza bosi, "Kwani tunalipia vichwa vingapi?"

"Si vyetu?"

Si vyetu. Tulikuwa watu saba, tunalipia kumi na moja. Nikaanza kuwasaka mmoja mmoja. Kimoja kilikuwa cha kijana aliyeacha kazi zamani akaenda kufungua saluni. Kingine cha kompyuta ya mapokezi, iliyokufa ikageuzwa meza ya kuwekea maua. Viwili hakuna hata aliyejua ni vya nani. Na kimoja kati ya vile saba vyetu halali kilikuwa cha dereva, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nikamuuliza nenosiri lake.

"Dada," akasema, "nenosiri langu ni ufunguo wa gari."

Nilicheka mbavu zikaniuma, halafu nikakasirika. Tulikuwa tunamlipia dereva programu ya majedwali, halafu tunamwambia mama wa watu hakuna pesa!

Nikaulizia nje. Katibu wa shule ya jirani akaniambia wao wanatumia programu ya bure, mwaka wa nne sasa. Bure? Kwa nini bure? Nani anakula hapo? Sikulala mpaka nimesoma. Kumbe imetengenezwa na watu wengi waliotawanyika duniani, kila mmoja anachangia kipande chake, na yeyote anaruhusiwa kuichukua. Nikaipakua nikaandika barua. Vitufe vingine vimehama kidogo, ukifungua barua ya zamani pembeni panasogea, lakini barua ni barua.

Nikapiga mahesabu nikamwekea bosi mezani. Tubakize vichwa viwili vya kulipia, chake na kimoja cha ofisi nzima, kwa mafaili tunayotumiana na wateja wakubwa. Sisi wengine tuhamie kwenye ya bure. Barua pepe tuchukue kifurushi cha chini. Vile vichwa hewa vifutwe leo hii. Kilichookolewa kilizidi mshahara wa Mama Faili, na chenji juu.

Bosi akasoma mara mbili. "Jaribuni," akasema. "Lakini makadirio yakiyumba, nimerudi kwenye uamuzi wangu."

Bwana Suti ndiye mkadiriaji wetu wa sasa. Si mtu mbaya, ila ana kiburi cha mvaa tai. Kazi yote anaifanya kwenye jedwali aliloliacha Mzee Rula, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Mzee huyo alianza na rula na penseli, akazeekea kwenye kompyuta, akatengeneza jedwali ambalo unajaza vipimo vya jengo, unabonyeza kitufe kimoja kilichoandikwa KAMILISHA, na jibu linatoka. Hakuna aliyejua ndani ya kitufe kuna nini. Unabonyeza tu, kama swichi ya taa.

Suti akalifungua kwenye programu ya bure, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kitufe kimekufa ganzi.

"Jumlisha mwenyewe basi," nikamwambia. "Namba si zipo?"

Akajumlisha. Saruji: mifuko mia sita kumi na nane. Akafungua jedwali lilelile kwenye programu ya kulipia, akabonyeza KAMILISHA. Mia sita arobaini na miwili.

"Umeona, dada?" Akainyoosha tai yake. "Cha bure ni cha bure. Hakijui hata kujumlisha."

Bosi akaja, akaangalia, akatikisa kichwa. "Jengo likipungukiwa saruji katikati ya kazi, atakayebeba lawama ni nani? Hapana. Ijumaa tunarudi tulikokuwa." Halafu akaenda zake bila kuniangalia. Ilikuwa Jumatano.

Nilijiona nimemwonjesha Mama Faili matumaini halafu nimemnyang'anya. Lakini lile swali likaanza kuniwasha: kwa nini ishirini na nne?

Nikachukua kazi za zamani tatu, shule, ghala na nyumba ya ghorofa moja. Kila moja nikaijumlisha kwa mkono kwa kikokotoo cha mezani, kisha nikabonyeza kitufe. Shule: tofauti ishirini na nne. Ghala: ishirini na nne. Nyumba: ishirini na nne. Jamani! Kompyuta isiyojua kujumlisha ingekosea huku mbili, kule hamsini. Na kikokotoo changu kilikuwa kinakubaliana na programu ya bure kila mara. Kumbe kitufe ndicho kilichokuwa kinaongeza. Kila jengo, dogo kwa kubwa, mifuko ileile.

Nikamwita Suti. Akajumlisha mwenyewe, akalegeza tai, akakaa. "Miaka miwili nabonyeza," akasema taratibu. "Sijawahi kuuliza."

"Ndiyo maana nipo," nikamwambia.

Tukaanza kuchimba. Kwenye programu ya kulipia jedwali lilionyesha kurasa tano, basi. Kwenye ya bure, orodha ya kurasa zilizofichwa ikatoa ukurasa wa sita. Ulikuwa umefichwa mpaka ile programu nyingine ilikuwa haiutaji kabisa. Jina lake STOO. Nikaufungua. Ukurasa mzima mtupu, isipokuwa namba moja na maneno manne: "24. Tazama faili la siri 7."

Nikakimbilia masijala. Mama Faili alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu ambazo alijua hatazikuta mwezi ujao. Nikamweleza yote kwa pupa, kitufe, ukurasa, mifuko ishirini na minne.

Kitambaa kikasimama. "Mingapi?"

"Ishirini na minne."

Akavua miwani. Uso wake ulibadilika nikaogopa. "Ndiyo ile," akasema. "Ndiyo hiyohiyo waliyosema aliiba."

Faili la siri namba saba lilikuwa nyuma yake, kwenye kabati la chuma, limefungwa kwa utepe mwekundu. Lilikuwa hapo miaka yote aliyokaa pale. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

"Lifungue, mama!"

"Faili la siri anafungua bosi."

"Mama, hili lako!"

"Sijawahi kufungua la mtu," akasema, "na kama nitaanza, sitaanza na langu." Lakini mkono wake ulikuwa umeushika ule ufunguo kwa nguvu. Ningekuwa mimi, ningelifungua siku ya kwanza ya kazi, na nisingeona haya.

Nikamfuata bosi. Nilimharakisha, niseme ukweli, nusura nimshike mkono. Akaja, na Bwana Suti nyuma. Mama Faili akafungua kabati, akalitoa faili, akaliweka mezani. Bosi akanyoosha mkono kulichukua, na yule mama akamsogezea daftari kubwa la kumbukumbu.

"Saini kwanza," akasema. Sauti ilikuwa ile ya kila siku. Tarehe, saa, sababu. Bosi akasaini.

Ndani mlikuwa na karatasi moja tu. Bosi aliisoma. Akaisoma tena. Halafu akamnyooshea Mama Faili.

"Soma."

"Mimi siruhusiwi."

"Nakuruhusu."

"Iandike."

Bosi akainama, akaandika kwenye daftari kwamba mtunza masijala ameruhusiwa kusoma faili la siri namba saba. Akasaini mara ya pili. Hapo ndipo Mama Faili alipovaa miwani yake, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza.

"Kwa mkurugenzi. Nimerudia hesabu za zahanati. Mifuko ishirini na minne iliyopungua haikuibwa. Iliingia kwenye msingi wa ukuta wa nyuma, ambao mimi nilisahau kuuhesabu. Marehemu mtunza stoo hakuwa na kosa. Kosa ni langu."

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine kwa wino wa kijani. Huo hakuusoma, bosi ndiye aliyeusoma, kwa sababu ulikuwa mwandiko wa baba yake, mwanzilishi wa ofisi. "Amekwisha kufa. Tusifukue. Mkewe apewe kazi."

Mzee Rula alikuwa amekosea mara moja, na tangu siku hiyo akawa anamwongezea kila mtunza stoo mifuko ileile kwa siri, asije akafukuzwa mwingine. Ila kwenda kumwambia mjane ukweli hakuweza. Miaka yote hiyo alikuwa anapita mlangoni pa masijala anamwamkia. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote viwili, na bado sijaamua.

"Mama," bosi akaanza, "baba yangu..." Akapiga magoti palepale kwenye vumbi la mafaili. "Tusamehe. Masijala haifungwi. Kesho asubuhi namwandikia kila mtu aliyemjua mumeo. Programu nazo tunahama, hesabu ni sahihi."

"Nyanyuka, utachafua suruali," Mama Faili akamwambia. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Akairudisha karatasi kwenye faili, akafunga utepe, akajaza kwenye daftari saa ya kurudisha. Kisha akanishika bega.

"Twende ukaniandikie barua, mwanangu."

Tukaenda mezani kwangu. Nikafungua ile programu ya bure, ukurasa mweupe, nikasubiri. Alikaa kwenye stuli pembeni yangu, machozi yakimdondoka na yeye hajisumbui kuyafuta.

"Unataka niseme nini ndani?" nikauliza.

"Andika: baba yako hakuiba. Nilikuwa sijui, sasa najua. Basi. Toa nakala mbili, moja ya kwake, moja iende kwenye faili namba saba."

"Na hapa juu, niandike kwa nani?"

Akanitajia jina la mwanawe, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalimalizia kwa jina la baba yake. Nikaliandika lote.