Spiriti Wagoma Kutoka Vyumbani

Jana mchana niliota, nikiwa nimeegemea pipa la maji machafu kwenye karakana ya batiki ya mama mdogo Zamoyoni, kwamba nimeingia ndani ya chembe moja ya unga wangu.

Unga huo niliutengeneza mwenyewe maabara ya chuo: shaba iliyoungwa na asidi mpaka ikawa na vyumba vidogo mno vya kumeza rangi. Asubuhi niliumwaga kwenye pipa mbele ya mama mdogo na jirani yake, bwana Mbena. Maji yakabaki bluu vilevile. Bwana Mbena akaapa kwamba yakiingia tena kwenye mchicha wake, anakwenda kwa mtendaji wa kata na karakana inafungwa. Aibu niliyoiona siisemi.

Basi, ndani ya chembe ni gesti. Mapokezini amesimama Shaba, mwekundu, mikono minne. Nampa mkono.

"Samahani, dada," anasema. "Yote imeshika kuta. Nikiachia mmoja jengo linaporomoka."

Nje kuna foleni ya Rangi wa bluu na mabegi yao, wamenuna.

"Tangu asubuhi tunaambiwa pamejaa!" mmoja analalamika.

"Pamejaa Spiriti," anasema Shaba. "Uliwaleta wewe siku ulipoosha unga kwa spiriti. Hukuwatoa."

Kumbe! Kwa haraka zangu sikuukausha unga kwenye oveni! Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na bado nilifurahi nusura nicheze.

Nagonga chumba cha kwanza. Spiriti amejifunika shuka mpaka puani.

"Hatutoki bila joto," anasema. "Kubembelezwa hatutaki."

Hapohapo gesti inageuka jiko la mkaa la mama mdogo. Napuliza mkaa kwa nguvu zangu zote. Spiriti wanatoka mmoja mmoja, ndala mkononi, wakiaga vizuri. Rangi wanaingia mbio, milango inafungwa pa, pa, pa! Napiga vigelegele peke yangu.

"Mwajabu! Amka!" Mama mdogo alikuwa akinitikisa. "Nani kamwaga spiriti hapa? Inanuka ua mzima."

Kopo la unga uliobaki lilikuwa mapajani, kifuniko kimefunguka, la moto kwa jua la mchana. Unga wa samawati ulikuwa umekolea kama zambarau iliyoiva. Nilitia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya pipa, nikakoroga, tukasubiri.

Mama mdogo aliinama. Akaniangalia, akainama tena.

"Bwana Mbena!" akapaza sauti. "Njoo upesi, glasi naiona mpaka chini!"